Mkono Uliomo Kinuni

Ndiyo, unaweza. Hilo ndo jibu langu, Hana, na ungelinipa dakika mbili pale jikoni ningelilisema kama mtu mzima. Lakini wewe ulikuwa umekaa juu ya begi, mie navuta zipu, jasho linanitoka, na mtu aliyeshika zipu hawezi kuulizwa maswali ya maana. Ukauliza kwa Kiingereza chako cha Harrow, cha mtoto wa London, polepole, kama unaiuliza zipu: Baba, mtu anaweza kweli kuandika maisha ya watu ambayo yeye hakuyaishi? Nikakujibu kaa sawa, umelalia upande mmoja. Ukacheka, mamako akaingia na soksi, swali likapita.

Sikulisahau. Ndo maana nyie mmelala na mie niko mezani.

Habari za soksi sina. Mamako keshakueleza bima, dawa, makoti, na kesho kwenye treni atakueleza tena toka mwanzo. Mie naandika kwa Kiswahili, na kwa makusudi. Kiingereza changu ni cha kuuzia friji. Kikiniingia mdomoni tu naanza kupunguza bei. Kiswahili unakifahamu, ingawa unakijibu kwa Kiingereza tangu huna meno. Ukikwama neno, nipigie. Nitafurahi ukikwama.

Kwanza nikwambie hali yangu. Nimepumua. Tangu Jumapili natembea kama mtu aliyevua viatu vya kuazima. Jana nimemuuzia mtu mashine ya kufulia na nikamwambia kweli kwamba inapiga kelele, akanunua vivyo hivyo. Ndo nilivyofurahi, mpaka nasema kweli kazini.

Kwa sababu mie nilikuona, Hana. Mwezi wa tisa ulimtumia Bachan hadithi yako. Ulimwandika yeye mwenyewe, bibi yako wa California, siyo huyu wa leo wa miaka karibu tisini anayelalamikia magoti, ila yule mtoto mdogo aliyewekwa kwenye kambi ya jangwani wakati wa vita, Marekani ilipowafungia watu wake wenyewe kwa kuwa wana sura za Kijapani, wazee kwa watoto. Uliandika ukaandika, chai inapoa, mamako anasoma anafuta macho. Ukaituma. Ukangoja.

Bachan kimya. Anapiga simu kila Jumapili kama kawaida, anauliza kama London mvua inanyesha, kana kwamba kuna siku haikunyesha, anaongea na mamako habari za magoti, anakata. Hadithi haitaji. Na hapohapo yule mwenzio wa darasa la uandishi akakwambia mbele ya watu: wewe jina lako la ukoo la Kipemba, umekulia Harrow, Kijapani hujui hata kuomba maji, unaingiaje kwenye kambi ile? Huyo alinikumbusha bibi yako wa Pemba. Jina lako mamako ndo aliyelileta, kwao, kwa Kijapani, maana yake ua. Nikampigia mama yangu kumwambia mtoto anaitwa Hana. Akauliza, "Hana nini?" Nikamwambia, "Hana shida, mama." Watu watakuuliza maisha yako yote huna nini. Wazoee.

Lakini wewe ulirudi nyumbani umeshakubali. Ukasema basi, huandiki tena, California uliyoipanga huendi, utaomba kazi ofisini huko Croydon. Croydon, mwanangu. Mie nimepanga foleni Croydon, kwenye lile jengo la uhamiaji, nimekamata karatasi zangu kama mtu kakamata yai, ili mwanangu asipate sababu ya kwenda Croydon. Nilitaka kukwambia. Mamako akanambia niache. Nikaacha. Lakini nilikuwa sili vizuri, na wewe unanijua mie na chakula.

Sasa nikwambie kitu ambacho labda wewe umekisahau, mie sijakisahau. Ulikuwa na miaka saba, mwalimu wako akaomba wazazi waje skuli kusimulia hadithi za kwao. Nikavaa kanzu, nikaja na kofia. Watoto wamekaa chini, macho hivi. Na mie, Hana, nikawapa simba. Simba kaingia nyumbani kwa babu yako Pemba, babu yako kamkabili na sufuria. Watoto wakapiga makofi, mwalimu akapiga makofi, wewe ukanishika mkono mpaka nyumbani.

Pemba hatuna simba. Hatujawahi kuwa na simba. Mnyama mkali kuliko wote Pemba ni jirani.

Unajua tuna nini? Tuna popo. Wakubwa, wekundu, sura kama mbwa mdogo, wananing'inia kwenye miti mchana kama nguo zilizoanikwa, na hawapatikani pengine popote duniani. Nilikulia chini yao. Nikiwa mdogo nilikuwa nawapa majina. Hao nikawaacha nyumbani, nikawapelekea watoto wa Harrow simba, kwa sababu simba anauzika. Mie biashara yangu ndo hiyo. Kwa Mpanjabi wa Southall aliyezaliwa Nakuru nakuwa mtu wa Nairobi, namwambia "sasa mzee, uko poa?" Kwa Mkongo naanza na "papa," kama wanavyoitana. Kwa Mzungu nakuwa mtu wa jua na nazi. Friji ni ileile. Nilidhani ndo kujua watu.

Mwaka uliofuata wewe ukaandika hadithi ya skuli, Pemba, usiku, simba analia. Wakakupa cheti, tukakitundika ukumbini. Halafu akaja mtoto wa ami yako kutoka Chake, akakisoma, akacheka mpaka akapaliwa na juisi. "Simba wa wapi, dada? Alikuja na boti?" Ulikitoa cheti ukutani mwenyewe. Hukunambia kitu. Na tangu siku ile hujaandika Pemba hata mstari mmoja. Unadhani sikuona. Niliona, nikafanya mzaha, maana ndo ninachokijua kufanya nikiona kitu kimeniuma.

Basi sikiliza na hii ya pili. Ulikuwa hujazaliwa bado. Mamako alikuja London kusoma, akanunua friji kwangu, friji ikafa siku ya pili, akanirudishia mwenyewe juu ya toroli, mengine unayajua. Mwisho wa mwaka akanipeleka kwao mara ya kwanza. Uwanja nyuma ya nyumba, mindimu, gari bovu limefunikwa turubai, ndugu wamejaa. Siku kadhaa nilikuwa nimekaa kwenye kochi natabasamu kama picha ya pasipoti. Hadithi zangu haziuziki. Nilimpa Bachan ile ya simba, akanitazama, akaniuliza kama nataka chai zaidi.

Asubuhi moja natoka nje, naona kinu.

Nilikaribia kulia. Cha jiwe, kifupi, kinene, lakini kinu. Wao wanapika wali kwa mvuke, wanautwanga moto moto mpaka unakuwa donge moja linalonata, kinamama wanakaa mezani wanaufinyanga vidonge. Wanaita mochi. Mwaka mpya wao bila ya hiyo haujaingia. Na mie kinu nakijua. Bibi yako wa Pemba kazaa wanaume watupu, na mpunga haujali wewe mwanamme au nani. Mie na ami yako tumetwanga tangu wadogo. Vijana wanapita, "Salaam alaykum, bibi zangu," na mama ndani anacheka kuliko wao. Tulikuwa wawili, kinu kimoja, michi miwili. Mmoja akinyanyua, mwengine anashusha. Hakuna kungoja. Nafasi ikitokea unaingia. Ukichelewa mchi unagonga mchi, na mama anakugonga wewe.

Sasa pale uwanjani mjomba wako ndo aliyekuwa anatwanga, kwa nyundo kubwa ya mti, na Bachan kainama pembeni na bakuli la maji. Naona nyundo nyengine imeegemezwa ukutani, haina mtu. Nikamwambia mamako, "Waambie wapumzike, fundi kaja."

"Ngoja kwanza uangalie," akasema.

Niangalie nini? Kinu? Nikaikamata nyundo, nikasimama upande wa pili. Mjomba wako akanyanyua, nafasi ikatokea, nikaingia.

Nafasi ile haikuwa yangu. Kwao nyundo ikipanda, mtu anatia mkono kinuni, anaukunja wali, anaugeuza, anatoa mkono, ndo nyundo inashuka. Mahali pale ambapo sisi tunatia mchi wa pili, wao wanatia mkono. Na mkono wa Bachan ulikuwa ndani.

Aliutoa, mpaka leo sijui vipi. Nyundo ikampitia ncha ya kidole, ikapiga mdomo wa kinu, kijiti cha mti kikarukia kwenye wali. Nikaanza kuomba radhi kwa lugha zote ninazozijua na mbili nisizozijua. Bachan akachovya kidole kwenye bakuli, akakitazama, akanitazama mie.

"Umejifunza wapi kupiga?"

"Kwetu, mama. Kwetu tunatwanga wawili."

"Na mkono wa kugeuza unaingia lini?"

"Kwetu hakuna mkono, mama."

Mjomba wako alikuwa keshanyoosha mkono wake kuichukua nyundo kwangu. Bachan akamwambia muache.

"Unapiga vizuri," akanambia. "Sasa jifunze kungoja."

Na akaurudisha mkono kinuni. Mkono uleule, kidole kimeshaanza kuwa cheusi. Akanambia, "Piga."

Hana, mie nimeshusha friji kutoka ghorofa ya nne lifti imekufa, nimekimbizwa na watu wa kaunsili, mgambo wa huku, sokoni nimebeba meza na vifuniko vya simu vyote juu yake, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile ya kuishusha nyundo. Nikapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. Bachan akacheka, mara ya kwanza kunichekea tangu nimefika. "Hivyo hautaiva mpaka Pasaka." Nikapiga. Yeye anatia mkono, anageuza, anatoa, ananiita, mie nashusha. Mpaka ikafika pahala siangalii tena kinu, namsikiliza yeye tu. Mwaka mpya ule watu wote walikula mochi wakitafuna pole pole, kila mtu anakitafuta kile kijiti. Nilikipata mie. Sikusema. Nikakimeza na chai.

Sasa turudi Jumapili. Wewe ulikuwa juu chumbani umejifunika, mamako akakuita, akaiweka simu mezani ili tusikie sote. Mie nilikuwa namenya viazi. Bachan hakuuliza mvua.

"Nimesoma," akasema. "Nimesoma mara nyingi. Yule mtoto analia sana."

Ukasema samahani, Bachan. Sauti yako ilikuwa ndogo, nikakiweka kisu.

"Sijamaliza. Aliyelia ni mama yangu. Mimi nilikuwa mtoto. Shambani kwetu nilikuwa peke yangu, jirani yuko mbali. Kule kambini, mlango wa pili tu, watoto. Nilicheza kutwa. Nilipata rafiki, wa kwanza maishani mwangu. Waliposema tunatoka, mama yangu aliimba huku anafunga mizigo, na mimi ndo niliyelia."

Tulisikia saa ya ukutani kwake inagonga, kule kwake asubuhi.

"Maisha yangu yote watu wananiuliza habari ya kambi," akasema, "na mimi nawapa wanachokitaka. Vumbi, waya, machozi. Nitawaambia vipi kwamba nilikuwa na furaha mahali ambapo mama yangu alikuwa ananyauka? Mtu gani anasema hivyo?"

Nikamtazama mamako. Mamako ni mwanawe, na hakuwa anajua. Na mie nikasema moyoni: kumbe. Kumbe na Bachan naye alikuwa anauza simba.

"Basi nitaifuta yote," ukasema.

"Ufute kwa nini? Machozi umekosea. Lakini ile karatasi mama yangu aliyoilowesha akaziba nyufa za ukuta usiku wa upepo, nani kakwambia hiyo?"

"Hakuna. Nilibuni tu."

"Alikuwa akifanya hivyo," Bachan akasema. "Njoo. Mwisho wa mwezi tunatwanga, na mgeuzaji hatuna, mikono yangu haifai tena. Njoo ugeuze, nikwambie mengine."

Ukakimbia kwenda kulitoa begi kabatini. Mie nikatoka nje nikakaa kwenye vani, nikacheka peke yangu mpaka yule jirani mwenye mbwa akaja kunigongea kioo, anauliza kama niko salama. Nikamwambia mwanangu anaondoka. Akanipa pole. Nikamwambia hapana, bwana, nipongeze.

Kwa hiyo swali lako. Yule mwenzio wa darasani si mjinga. Kakuona umeikamata nyundo kama nilivyoikamata mie, mbio mbio, akapiga kelele. Mamako naye alinambia niangalie kwanza. Lakini ungeliiacha nyundo ukutani, Bachan angelikwenda na maneno yake mpaka kaburini, mamako asingelijua, wewe usingelijua, na kila mtu angeliendelea kumpa pole kwa machozi ambayo si yake. Ulipiga mahali sipo. Yeye akashtuka, akatazama kidole, halafu akaurudisha mkono. Hiyo si kila mtu anaipata. Wengine ukiwapiga wanaondoka na kinu chao, na wana haki yao. Mie sijui mambo ya vitabu, skuli niliiacha nimesimama mlangoni, lakini nadhani kazi yako huko ni kusikiliza lini anatia mkono na lini anatoa. Kupiga unajua tayari.

Na akikwambia jambo halafu akasema hili usiliandike, usiliandike. Hata likiwa ndo tamu kuliko yote. Khasa likiwa ndo tamu kuliko yote. Mie muuzaji, najua mkono unavyowasha.

Sasa langu.

Unakwenda kwa watu wa mamako na mie nafurahi, wallahi. Lakini nisingelikuwa mie kama nisingelijitia. Nimeziangalia kurasa zako zote, na Pemba haimo hata ya dawa. Najua nani kaifukuza. Ni simba wangu. Na mie sitaki ije siku ukaulizwa huko babako mtu wa wapi, ukajibu tu, wa Harrow, anauza friji.

Kwa hiyo nina mapendekezo, na usikimbilie kukataa, soma mpaka chini. Kila Jumapili, Bachan akimaliza kukuhadithia, nipigie na mie. Nitakupa kipande kimoja. Popo na majina niliyowapa. Jirani. Ami yako na mchi. Bibi yako, aliyekuwa anajua kucheka na kulia kwa uso mmoja. Na siku moja, nikiwa tayari, kwa nini niliondoka, jambo ambalo hujawahi kuniuliza na mie sijawahi kulisema bila ya kutia mzaha. Hiyo yote yako. Uandike upendavyo, ubuni, uniongezee urefu, uninyime tumbo. Yako.

Mie nataka nini? Kabla hujampa mtu, unisomee. Kwa Kiswahili, hata kibovu, hata cha kuchechemea. Na mie niwe na ruhusa ya kusema "hapo sipo" mara tano kwa kila hadithi. Najua utasema mara mbili, umezaliwa na muuzaji. Basi tatu, na popo nakutilia bure. Nikisema ngoja, unangoja. Nikinyamaza, unapiga, na unapiga kweli, siyo kama unambembeleza mtoto. Na nikikuletea simba, unanikatia simu usoni, sikasiriki.

Ukikubali, usiniambie kwa mdomo. Kesho pale uwanja wa ndege mamako atakuwa analia na mie nitakuwa nafanya vichekesho na watu wa mizigo, hatutasikilizana. Ukishapita kule ndani, kabla hujageuka kona, nyanyua mikono miwili juu, kama umekamata nyundo. Halafu ngoja kidogo, usishushe. Nami nitatia mkono wangu.

Babako